Nifanyeje Chupa ya Baba Ifike Jumapili?

Mpendwa Shangazi Eufrásia, naomba msaada wako na tafadhali uharakishe, maana ninapoandika haya, leo Jumanne, jagi limebaki na divai ya kimo cha vidole vitatu, na katika hivyo vitatu kimoja ni gololi.

Usicheke kwanza, nitakueleza. Mimi ni mwanamke wa makamo, sikuolewa na wala sikulilia ndoa, naishi huku juu ya Pinhão katika nyumba niliyozaliwa, na baba yetu, Mzee Silvério, alifariki majira ya baridi yaliyopita akatuacha watoto watatu, kaka mkubwa Adérito aliyekwenda Ufaransa ujanani na sasa ana kampuni yake ya uashi, kitinda mimba Zeferino aliye benki kule Porto, ambaye hata supu huila kama mtu anayekagua mahesabu, na mimi hapa katikati, niliyebaki na baba, mbuzi na mizabibu. Na kama ujuavyo desturi ya kijiji chetu, mwenye shamba huweka chupa moja ya divai ya Porto, ya mwaka ambao zabibu zilikubali, kwa ajili ya siku wanawe watakapogawana mali, nayo hunywewa mezani kwake na warithi peke yao, na ikiwa bado ina kitu hakuna mtu kugusa kalamu, ikiisha ndipo wanaoga wanavaa viatu wanakwenda kwa wakili. Baba alikuwa akisema, "Mwenye kiu asitie saini." Basi Agosti hii kaka zangu wamekuja wote wawili, chupa tumeifungua, na wakili kule Régua ameshaandaa karatasi za kuuza shamba.

Kuuza, Shangazi! Kuna bwana mmoja wa hoteli anayetaka kung'oa mizabibu ya babu achimbe bwawa la kuogelea, na lile birika la mawe tunalokanyagia zabibu kwa miguu aligeuze bafu la wageni, walale humo wasuguliwe migongo kwa maganda ya zabibu, na mimi nikiwaza mgongo wa mgeni umelala mahali mama yangu alipocheza akiwa na mimba yangu nasikia mwili wote unawasha. Lakini ubaya si kwamba kaka zangu ni watu wabaya, afadhali wangekuwa, ningewatukana yakaisha. Siku waliyofika Adérito alinishika mikono akaitazama viganja.

"Gracinda, umeteseka vya kutosha," akasema. "Tunauza kwa ajili yako. Tumekutafutia nyumba ghorofani Vila Real. Ina lifti, mama wee!"

"Na mabomba ya joto kila chumba," Zeferino akadakia. "Hutabeba kuni tena maishani mwako, dada."

Nami nikasema ahsanteni. Huo ndio ujinga wangu, Shangazi, nilisema ahsanteni, nikaenda kuwatandikia vitanda. Maana wao ndio walioezeka paa hili upya, wao ndio waliolipia dawa za baba miaka yote ile, na mkono unaopokea siku zote huwa chini, sasa nitaanzaje kuwaambia zawadi yenu siitaki, si wataona shukrani ya punda ni mateke? Kwa hiyo nikajiambia, sitasema kitu, bali chupa hii haitaisha. Jumapili alfajiri Adérito anarudi Ufaransa kazini kwake, akiondoka hajasaini mambo yanalala mpaka Agosti nyingine, na mpaka Agosti nyingine huenda yule bwana wa hoteli akapata mlima mwingine wa kuuchimba.

Sasa sikia nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Ile chupa ilikuwa kongwe, ya mwaka aliozaliwa Zeferino, na kizibuo kilikuwepo kwenye droo, ningekifungua kizibo polepole nikakirudisha kila siku kama watu wengine wenye akili, lakini wewe unajua, chupa ya umri ule mtu wa huku haitoboi, anaikata shingo kwa koleo la moto. Baba alifanya hivyo kila Krismasi. Nilitaka wale wawili waone mkono wa baba umebaki kwa nani. Nikalichoma koleo mpaka likawa jekundu, nikaibana shingo, nikangoja, nikaigusa kwa kitambaa cha maji baridi, tak, shingo ikaachana na mwili wake bila hata kimbegu cha kioo. Zeferino akapiga makofi. Adérito akasema, "Mzee mwenyewe!" Na mimi nimesimama pale na koleo langu nimevimba kichwa, mpaka nilipokwisha kuimimina kwenye jagi nikaona shingo iko sakafuni na kizibo kiko ndani ya shingo, ndipo nikaelewa nimefanya nini, maana chupa isiyo na shingo haizibiki, na divai ya namna ile ikishakutana na hewa ina siku mbili za uhai, tatu ukiibembeleza sana.

Kuanzia hapo nikawa mwanamke mwingine. Nilificha bilauri nikatoa vile vikombe vya bibi vya kunywea dawa ya kikohozi, nikasema ni kwa heshima ya marehemu. Niliacha kupika samaki wa chumvi, kwa sababu chumvi huleta kiu, na jibini nikaipeleka kwa jirani, nikawa nawajaza supu ya kabichi na viazi hadi wakawa wanahema mezani, mtu ashibe asitamani hata kumeza mate. Jagi nikalivisha nailoni, nikalilaza kwenye friji kati ya mayai na dawa ya macho ya mbuzi. Kisha nikakumbuka mama alisema adui wa divai ni nafasi iliyo juu yake, basi nikatafuta kopo la gololi zetu za utotoni, nikazichemsha, nikazitumbukiza moja moja mpaka divai ikapanda ikafika shingoni mwa jagi, nami nikajiona profesa. Jioni Adérito akajimiminia mwenyewe kabla sijaruka, ikadondoka moja kikombeni, ting.

"Nini hii, Gracinda?"

"Gololi, kaka."

"Naona ni gololi. Inatafuta nini kwenye divai ya baba?"

"Ni mtindo mpya. Wameuonyesha kwenye televisheni. Inapoza."

Zeferino akaiokota, akaipangusa, akaiinua kwenye taa. "Ngoja. Hii yenye mstari wa kijani si ile niliyokuwa nayo darasa la pili ikapotea?"

"Haikupotea," nikasema.

"Mwizi mkubwa wewe! Nililia wiki nzima!"

Tukacheka mpaka Adérito akashika meza, na nikawatazama wale wazee wawili wenye vipara wanagombania gololi, nikawapenda, Shangazi, nikawapenda mpaka kifua kikauma, na bado nikahakikisha kila mmoja amepata nusu kikombe tu.

Lakini divai haidanganyiki. Siku iliyofuata ilikuwa imekufa, harufu imeondoka, imebaki kama maji ya kuoshea pipa, na nikaona wakiionja tu watasema tuimalize yaishe. Basi nikafanya lile ninaloogopa hata kuliandika. Nina kipipa changu kidogo nyuma ya ghala. Tangu magoti ya baba yalipokataa matuta mimi ndiye ninayevuna mizabibu mikongwe ya juu, nakanyaga na majirani, natia gongo ya zabibu kwa kipimo changu, nalaza, naonja, nangoja, na sijawahi kumwonjesha mtu wa nyumba hii zaidi ya baba, maana hawa wakija Agosti huja na bia zao. Nikaimwaga ile maiti, mashapo na yote, nikajaza jagi kwa divai ya kipipa, nikarudisha gololi.

Adérito alionja, akafumba macho. "Aaah. Leo ndiyo imefunguka. Hii ndiyo divai, bwana!"

"Kila siku inazidi kuwa tamu," Zeferino akasema. Akalamba kikombe, kwa kweli alikilamba, mtu wa benki. Kisha akaniwekea mkono begani. "Dada, usikasirike, lakini kazi kama hii imekufa na mzee. Ndiyo maana hata sioni uchungu kuuza."

Nikaenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili kwa zamu, bomba nimelifungua wasisikie.

Tangu hapo nimejaza tena, na tena, kidogo kidogo ionekane inapungua, na wao wanasifu. Sasa naogopa nikijaza sana watashtuka ni chupa gani hii isiyoisha, na nisipojaza itaisha kesho kutwa. Shangazi, wewe ulikuwa na baa, unajua mambo ya divai, nifundishe namna ya kuifanya ifike Jumapili, na uniambie pia kama ni dhambi. Jina langu tafadhali lifiche gazetini.

Mlinzi wa Jagi, juu ya Pinhão

SHANGAZI EUFRÁSIA ANAJIBU

Mlinzi wa Jagi, umeomba nifiche jina lako na hapo hapo umeliandika mwenyewe kinywani mwa kaka yako. Nimeliacha lilivyo, Gracinda. Hata ningelifuta, bonde zima hili nani mwingine anatia gololi kwenye divai?

Nianze na ulichouliza, maana baa nimeiendesha karibu na stesheni ya Régua mpaka miguu ikavimba, na divai naifahamu kuliko ndoa, ingawa ndoa nimezionja tatu. Chupa kongwe ukishaikata shingo, siku hiyo hiyo unaimimina katika vichupa vidogo, unajaza kila kimoja mpaka mdomoni, unaziba, unalaza mahali pa baridi, na kila jioni unafungua kimoja. Kichupa kilichojaa hakina nafasi ya hewa. Ungefika Jumapili bila gololi, bila nailoni, na kaka zako wangekula samaki kama Wakristo. Huo ndio ujuzi, umeupata, ila umechelewa nao, kwa sababu ile chupa ya baba yako ilishazikwa kwenye sinki lako. Usiniulize tena namna ya kuirefusha. Wanachokunywa wale wawili ni kipipa chako, na kipipa hakihitaji ushauri wangu.

Sasa tuje kwa huyo Mzee Silvério na sheria yake tukufu. Marehemu alikuwa mteja wangu, kiti cha karibu na jiko, na hilo neno la mwenye kiu asitie saini aliniambia mimi zaidi ya mara moja, nikiwa na funguo mkononi nataka kufunga, akitaka glasi nyingine. Alikuwa mtu mzuri na mnywaji mwenye falsafa. Mungu amlaze pema, lakini usimfanye Musa aliyeshuka mlimani na amri. Alitaka mkae meza moja mkiwa mmelegea ili mseme yaliyo moyoni, basi. Na ni kweli mmekaa, kaka zako wamesema ya kwao, mpaka kesi ya gololi ya darasa la pili imesikilizwa. Aliyekaa kimya ni mmoja tu, naye ndiye ana jambo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili na miwani, nikitafuta mahali ulipowaambia kwamba hutaki kuuza. Hapapo. Umesema na koleo, umesema na friji, umesema na supu ya kabichi, lakini watu wawili wa damu yako wanaokupenda hawajasikia neno. Wanauza kwa ajili yako, Gracinda! Wanauza shamba la babu yao kumpa raha mtu ambaye raha yake ni hilo shamba, na mtu huyo amewajibu ahsanteni na kuwatandikia vitanda. Mnafanyiana wema mpaka mtaangamizana. Mficha uchi hazai, na wewe umejifunika blanketi Agosti.

Kuhusu paa na dawa, acha kunililia. Walituma fedha, ahsante yao, hilo ni jambo kubwa. Nani alimgeuza baba kitandani? Nani alipanda ngazi za mawe za matuta amebeba maji? Mkono wako haukuwa chini, ulikuwa na kazi. Na shukrani ya punda ni pale unapowapiga mateke waliokutendea mema, si pale unapowaambia ukweli. Tena, mwanamke wewe, umesahau jambo ambalo hata mbuzi wako angelijua: karatasi ile inataka saini tatu. Wewe ni wa tatu. Bila mkono wako wakili hauzi hata jiwe. Wanaweza kwenda mahakamani, ni kweli, na mahakama zetu mnazifahamu, kesi hiyo itaisha wakati bwana wa hoteli ameshakuwa mifupa. Umelinda jagi usiku na mchana, na kumbe kalamu ilikuwa kwako.

Dhambi? Ndiyo, umewadanganya, na njia ya mwongo ni fupi, ndiyo maana umefika mwisho wake una vidole vitatu na gololi. Nitakukaripia hapo na nitaishia hapo, kwa sababu kuna jambo lingine linanichemsha damu zaidi. Kaka yako amefumba macho kwa divai yako. Yule wa benki amelamba kikombe chako. Amekuambia usoni kwamba kazi hii imekufa na mzee, kwa hiyo haoni uchungu kuuza, na wewe uliyeifanya hiyo kazi ukakimbilia bomba! Walikuwa wanakupa sababu yote ya kubaki na mizabibu yako, wameimeza, wameisifu, wameomba nyingine, na wewe unaniuliza mimi namna ya kuificha mpaka Jumapili.

Basi sikiliza. Jioni ya leo kaanga samaki wa chumvi, chumvi nyingi. Rudisha jibini kutoka kwa jirani. Toa bilauri kubwa. Nenda nyuma ya ghala, kibebe kipipa chenyewe, kama ni kizito mwite Adérito akusaidie, si ni mwashi, na kiweke mezani palipokaa jagi. Jaza bilauri tatu mpaka juu. Wakinywa, wakianza tena hadithi za mkono wa mzee, waambie: mkono ni wangu, tangu siku ya pili mnakunywa ya kwangu, inatoka kwenye mizabibu ya juu, na mimi siuzi. Usiseme naomba. Usiseme kama mtapenda. Siuzi, kisha nyamaza, kunywa, waache wapige kelele. Watapiga. Adérito ataita watakatifu wote wa Ufaransa. Zeferino atauliza umewadanganya siku ngapi, mjibu kwa ukweli, na umrudishie gololi yake.

Wakitulia, wape la kufanya, kwa maana wanaume wakiaibika hupenda kushika kazi. Kipande cha chini karibu na barabara, kisicho na mizabibu mikongwe, wakitaka wakiuze, ni haki yao na kaka zako si matajiri wa hadithi. Matuta ya juu, birika la mawe na nyumba vibaki kwako kama fungu lako, na wakili aandike hivyo kabla Adérito hajaondoka, msingoje Agosti. Wakikataa, huweki saini, mnaagana mmekasirika, na mtapatana kama ndugu wanavyopatana. Itakuuma. Lakini itakuuma ukiwa kwako, wala hutakuwa ndani ya lifti.

Najua tabia yako sasa. Ukisoma haya utasema kesho, halafu utajaza jagi. Kwa hiyo nimekufungia mlango huo. Nakala hii naituma leo Alhamisi kwa mkono wa dereva wa gari la mikate, utaipata kabla ya chakula cha mchana. Kesho Ijumaa gazeti linafika mkahawani Pinhão, mahali kaka zako wanapokunywa kahawa yao ya asubuhi, na barua yako yote imo, na mimi sijapunguza hata gololi moja. Wakiyakuta haya gazetini, watakuwa wamekushika ukidanganya. Wakiyasikia leo kwa mdomo wako, watakuwa na dada aliyewatengenezea divai. Kwa njia ile ya kwanza utatia saini kwa aibu na hutakuwa na la kusema. Una jioni moja, Gracinda. Weka samaki wa chumvi kwenye maji walainike.